Orodha Kwanza au Funguo Kwanza: Mjadala wa Ukaguzi wa Fleti Mpya Pwani ya Mbegani

Ukaguzi wa kasoro ni upitiaji wa fleti mpya, chumba kwa chumba, unaofanyika kati ya siku mwendelezaji anapotangaza kwamba kazi imekwisha na siku mnunuzi anapolipa fungu la mwisho na kupokea funguo. Kinachotafutwa ni tofauti kati ya kilichoandikwa kwenye mkataba na michoro na kile kilichojengwa: marumaru iliyolazwa bila kushiba saruji, bomba linalovujia ndani ya ukuta, soketi isiyo na ethi, ufa ulioanzia kwenye kona ya dirisha. Muda wa kazi hiyo ni mfupi. Fungu la mwisho likishalipwa, kasoro inabaki palepale ukutani, ila aliyekuwa akibembelezwa ndiye sasa anayebembeleza.

Suala hili limeingia kwa kasi katika ukanda unaoanzia Mto Mpiji kwenda kaskazini, kupitia Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo hadi Mbegani na Bagamoyo mjini. Kwa miaka mingi watu wa huku walinunua kiwanja na kujijengea wenyewe, tofali kwa tofali, kila fedha ilipopatikana. Aliyejenga ndiye aliyekaa, na kasoro alizijua tangu msingi. Mwaka 2013 Tanzania na China zilitia saini makubaliano ya kujenga bandari kubwa Mbegani, na Oktoba 2015 jiwe la msingi likawekwa. Serikali iliusimamisha mradi mwaka 2019, lakini ardhi ilikuwa imekwisha kuanza kutazamwa kama mji wa kesho. Kabla ya hapo, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 ilikuwa imefungua njia ya mtu kumiliki fleti moja ndani ya jengo la wengi na kuwa na hati yake. Hivyo ununuzi wa nyumba ambayo mnunuzi hakuiona ikijengwa, pengine hata aliyoilipia ikiwa bado kwenye mchoro, umekuwa jambo la kawaida kuanzia Kawe hadi Bagamoyo. Jengo jipya likifika siku ya makabidhiano, sauti tatu husikika: ya msimamizi wa mwendelezaji, ya mnunuzi na ya fundi mkaguzi. Ya mwanasheria huja mwishoni, na mara nyingi huja ikiwa imechelewa.

Ubishi wa kwanza ni juu ya neno kasoro lenyewe.

Msimamizi: “Mama, nyumba hii imejengwa kwa mikono ya watu. Doa la rangi au mstari wa grauti uliopinda kidogo si kasoro, ni kazi ya mkono.”

Mnunuzi: “Mwanangu, fedha niliyolipa haikupinda hata kidogo.”

Fundi: “Tusibishane kwa macho. Timazi na pimamaji vipo. Tuangalie mkataba umesema nini, halafu tupime.”

Fundi ana haki. Macho ya mnunuzi huenda kwenye rangi kwa sababu rangi ndiyo inayoonekana, na msimamizi mzoefu hufurahi orodha ikijaa madoa, maana doa husafishwa kwa nusu saa. Kipimo ni mkataba pamoja na orodha ya vifaa vilivyoahidiwa. Pasipoandikwa kitu, kipimo ni viwango vya kawaida vya ujenzi. Lugha yenyewe inasaidia hapa. Neno aibu, ambalo kwa Kiswahili cha leo ni fedheha, linatokana na neno la Kiarabu lenye maana pia ya dosari ya kitu, na fiqhi ya biashara inayo khiyari ya aibu: haki ya mnunuzi kurudisha kitu akigundua dosari iliyokuwamo tangu kabla ya kuuziwa na ambayo hakuijua. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani hii, haki hiyo hutumiwa mara tu dosari inapogunduliwa. Anayenyamaza na kuendelea kukitumia kitu huhesabiwa ameridhia. Wafanyabiashara wa Bagamoyo walilijua hilo zama za majahazi, kabla ya fleti. Mnunuzi wa leo anayepokea funguo kwanza na kuandika malalamiko miezi minne baadaye anaipoteza nguvu ileile.

Ubishi wa pili ni wa maji, na hapa ndipo ukaguzi wa pwani unapotofautiana na wa bara. Fundi mzuri huanzia bafuni. Huziba tundu la kutolea maji kwa kitambaa, hufungulia koki mpaka maji yafike kina cha sentimita 2 au 3 bila kuvuka kizingiti, huchora mstari wa penseli kwenye ukingo wa maji, kisha hufunga mlango. Kesho yake saa ileile hurudi, na kabla hata ya kulitazama bafu hushuka fleti ya chini kuangalia dari. Duara la rangi ya chai kwenye dari lile linatosha. Kisha huzibua tundu na kusimama akitazama maji yanavyoondoka. Yakibaki madimbwi nyuma ya choo au chini ya sinki, mteremko umekosewa, na dawa yake ni kung’oa marumaru na kuanza upya. Wakati maji yanatoka, fundi hugonga marumaru moja moja kwa mpini wa mbao: iliyoshiba hutoa mlio mzito, isiyoshiba hulia kama debe tupu, na hiyo itapasuka siku ndoo itakapoangukia juu yake.

Msimamizi hupinga: “Fleti ziko 40. Kila mtu akitaka bafu lifurishwe siku nzima, makabidhiano yatakwisha lini?” Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mwendelezaji ana mkopo wa benki unaohesabu siku, na kila wiki ya kuchelewa ni gharama. Lakini jibu la fundi lina uzito zaidi: jaribio hilo lilipaswa kufanywa na mkandarasi kabla ya marumaru kulazwa, kila bafu likawa na karatasi yake yenye tarehe na sahihi. Penye karatasi hizo mnunuzi anaweza kuridhika na jaribio la saa chache. Pasipo nazo, siku moja ya bafu kufurika ni bei ndogo. Mkataba unaompa mnunuzi siku 7 hadi 14 za ukaguzi baada ya kuarifiwa kwamba fleti iko tayari huwaondolea wote wawili ugomvi huu.

Madirisha nayo yanataka maji. Fleti iliyomalizwa Agosti haijaonja masika, na inaweza kuonekana kavu kama karatasi. Mvua za Machi hadi Mei huja huku upepo wa kusi ukianza kushika, na hupiga ukuta unaotazama kusini na baharini kwa ubavu, si kutoka juu. Fundi huchukua mpira wa maji, husimama nje na kumwagia ukingo wa fremu kuanzia chini kwenda juu, huku mtu wa pili yuko ndani amebandika kiganja kwenye plasta. Katika fremu za aluminiamu yapo matundu madogo kwenye reli ya chini, ya kutolea maji nje. Mara nyingi huwa yamezibwa na plasta au rangi, basi maji ya mvua hujaa kwenye reli na kumwagikia sebuleni. Kuyazibua ni kazi ya dakika 5 kwa msumari mwembamba. Kutoyaona hugharimu sakafu.

Chumvi ni mada pana zaidi, na ndiyo inayowapotosha wengi. Ukuta wa pwani huweza kutoa unga mweupe, rangi ikavimba na kubanduka kama magamba ya samaki. Chanzo kinaweza kuwa mchanga uliochotwa karibu na bahari na kutumiwa kwenye tofali bila kuoshwa, au unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa sababu chini ya jamvi na juu ya msingi hakukuwekwa nailoni ya kuzuia maji. Msimamizi husema: “Ni hewa ya bahari, Mama, kila nyumba ya huku iko hivyo.” Usemi huo una nusu ya ukweli. Hewa ya bahari hula skrubu za bawaba na vyuma vya roshani, lakini haipandishi unga mweupe kwenye ukuta wa ndani wa chumba cha chini, kimo cha goti, katika mstari ulionyooka. Mstari huo unatoka ardhini. Kuusugua na kuupaka rangi mpya siku mbili kabla ya makabidhiano ni kuuficha, na fundi hulijua jambo hilo kwa kuona ukuta mmoja unang’aa kuliko mingine.

Ndani ya zege chumvi hufanya kazi ya hatari zaidi. Nondo ndani ya zege safi hulindwa na utando mwembamba unaotokana na saruji. Chumvi ikipenya huuvunja utando huo, chuma kinaanza kupata kutu, na kutu hutaka nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilicholiwa. Zege haliwezi kutanuka, basi hupasuka kwa kufuata mstari wa nondo. Ndiyo maana karibu na bahari zege linalofunika nondo za nje hutakiwa kuwa nene kuliko la bara. Sentimita 4 hadi 5 ni kipimo cha kawaida. Mnunuzi hawezi kuuona unene huo kwa macho, ingawa kipo kifaa cha kupima kwa sumaku na baadhi ya wahandisi wanacho. Anachoweza kukiona ni chini ya roshani na chini ya ngazi za nje: michirizi ya rangi ya kahawia katika jengo ambalo halijamaliza hata mwaka ina maana nondo ziko karibu mno na uso.

Mwendo mfupi kutoka Mbegani yapo magofu ya Kaole, yenye msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13, uliojengwa kwa matumbawe na chokaa. Kuta zile nazo zimeliwa, na hakuna sababu ya kudai kwamba wazee walijenga bila ila. Lakini chokaa huruhusu unyevu kutoka. Ukuta unalowa na kukauka. Plasta ngumu ya saruji iliyopakwa rangi inayoziba kama plastiki hufungia unyevu ndani, na hapo ndipo uvimbe unapoanza. Fundi anayeijua pwani huuliza ni rangi ya aina gani iliyopakwa nje, na hulipigania swali hilo kuliko swali la rangi yenyewe kuwa krimu au nyeupe.

Nyufa huzua hofu kubwa kuliko zinavyostahili, na wakati mwingine hofu ndogo kuliko zinavyostahili. Plasta mpya hukauka na kupata nyufa nyembamba kama unywele zilizosambaa kama utando wa buibui. Hizo ni za fundi wa rangi. Ufa unaokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango, au unaopanda kwa ngazi ukifuata maungio ya tofali, au unaoonekana pande zote mbili za ukuta mmoja, ni habari nyingine. Huo hauzibwi kwanza. Huwekewa alama ya penseli kwenye ncha zake mbili, tarehe ikaandikwa pembeni, na mhandisi akaitwa. Msimamizi anayeharakisha kuuziba anaharibu ushahidi ambao ungeweza hata kumtetea yeye mwenyewe, kwa sababu ufa usiosogea ni ufa usio na hatia.

Mnunuzi huuliza swali zito zaidi: je, ukaguzi huu ungeweza kuliona jengo litakaloanguka? Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Lazima jibu la fundi liwe la kweli: hapana, kwa kugonga marumaru hakuna anayeiona nguvu ya nguzo. Kinachoonekana ni karatasi. Mkandarasi lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na mhandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Majina yao hupaswa kuwa kwenye ubao wa mradi. Kibali cha ujenzi cha halmashauri hutaja idadi ya ghorofa, na kuzihesabu hakuhitaji elimu. Vipande vya zege vilivyochukuliwa wakati wa kumwaga hupimwa maabara siku ya 7 na ya 28, na majibu yake huhifadhiwa. Mwendelezaji anayeyatoa majibu hayo bila kununa ameeleza mengi kuhusu jengo lake. Anayejibu kwamba hizo ni siri za kampuni ameeleza mengi pia.

Umeme huchukua muda mfupi ukilinganishwa na maji. Kila soketi huchomekwa kipimio cha ethi, kila breka huzimwa ili kuhakikisha inazima chumba kilichoandikwa juu yake, na mita ya LUKU huthibitishwa kuwa ni ya fleti hii na si ya jirani, kosa linalotokea zaidi ya inavyodhaniwa. Fundi umeme aliyefanya kazi anapaswa kuwa na leseni ya EWURA, na nakala yake huombwa.

Yanayosahaulika ni maeneo ya pamoja. Mnunuzi wa fleti hanunui vyumba vyake tu. Chini ya sheria ya 2008 anapata pia fungu katika paa, ngazi, tenki, lifti, uzio na mashimo ya maji taka, na atachangia matengenezo yake kupitia umoja wa wamiliki. Paa la zege lisilo na mteremko litavuja kwa wote. Chemba hufunuliwa moja moja, mtu akavuta maji chooni ghorofa ya juu na mwingine akatazama yanavyopita. Sehemu za pwani ambako maji ya ardhini yako karibu, shimo la maji taka lililo kavu Septemba linaweza kufurika Aprili, na lori la kunyonya litalipiwa na wakazi kila baada ya siku chache.

Nani akague? Wanunuzi wengi wa ukanda huu hawapo: wako Muscat, Dubai, London au Minneapolis, na humtuma ndugu mwenye hati ya uwakilishi. Ndugu huyo hutembea na simu akionyesha bahari kupitia dirishani. Kumtuma ndugu ni jambo la heshima, na hakuna anayepinga. Lakini ndugu aende na fundi, kwa malipo yaliyokubaliwa, na fundi huyo asiwe ametafutwa na dalali aliyeuza nyumba. Wengi wameweka hapo kiinua mgongo chote cha maisha yao, na ada ya fundi ni sehemu ndogo sana ya fedha hiyo.

Baada ya kukagua, mjadala hufika kwenye fedha, na hapo sauti hupanda.

Msimamizi: “Kuna kipindi cha matazamio, Mama. Saini, uchukue funguo, tutarekebisha ukiwa ndani.”

Mnunuzi: “Nikiwa ndani, Bwana Msimamizi, nani atakayepokea simu yangu?”

Mwanasheria: “Mkataba unasema nini kuhusu matazamio, na unasema nini kuhusu fedha?”

Matazamio ni utaratibu halali, na kwa kawaida huwa miezi 6 hadi 12. Lakini mwendelezaji mwenyewe hamwachii mkandarasi wake fedha zote kwa ahadi. Katika mikataba ya ujenzi huzuia sehemu ya malipo, mara nyingi asilimia 5 hadi 10, nusu ikaachiliwa jengo linapokamilika na nusu nyingine matazamio yanapokwisha. Anayejilinda hivyo hana msingi wa kumkatalia mnunuzi ulinzi wa namna hiyohiyo. Utaratibu ulio wa haki ni kuigawa orodha mara mbili. Yanayohusu maji, umeme, nyufa zinazosogea na hati husimamisha malipo mpaka yarekebishwe na kukaguliwa tena. Mengine, bawaba, rangi, kitasa, huingia kwenye matazamio yakiwa na tarehe ya kumalizwa, na sehemu ndogo ya fedha hubaki kwa mwanasheria mpaka siku hiyo. Orodha husainiwa na pande zote mbili, kila kasoro ikiwa na namba, chumba, picha na tarehe. Neno “tutaangalia” halina nafasi ndani yake.

Mwanasheria huongeza kwamba si kila nchi humwacha mnunuzi ategemee mkataba pekee. Ufaransa humpa ulinzi wa miaka 10 kwa kasoro kubwa za jengo. Dubai, kwa sheria ya 2019, mwendelezaji huwajibika miaka 10 kwa kasoro za muundo na mwaka 1 kwa mabomba, umeme na mitambo. Tanzania mnunuzi anaweza kudai mahakamani kwa kuvunjwa mkataba ndani ya miaka 6, lakini huanza kwa kuonyesha mkataba ulisema nini. Usiposema lolote kuhusu kasoro, safari inakuwa ndefu. Kwa hiyo vifungu vya ukaguzi, matazamio na fedha ya kuzuiliwa huombwa siku ya kulipa fungu la kwanza, mnunuzi akiwa bado na hiari ya kuondoka.

Hubaki suala la urefu wa matazamio, na kwa pwani hii lina jibu mahususi. Miezi 6 inayoanza Juni huisha Desemba. Vuli imepita, pengine ndogo, na masika haijaja. Matazamio ya fleti ya Mbegani hayana budi kuimeza masika moja nzima, na kwa sababu hiyo miezi 12 ndiyo ya kudaiwa. Fundi hurudi mara ya pili mvua zikiwa zimekwisha na kuta hazijakauka, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, akiwa na orodha ileile. Huanza na dari la fleti ya chini, kisha kimo cha goti cha ukuta wa chumba cha chini, kisha kona ya dirisha, ambako alama mbili za penseli zenye tarehe zinaonyesha kama ufa umebaki ndani yake au umezivuka.